Bia ya Krismasi kutoka Uingereza inanuka zabibu na sukari iliyoungua: haijaharibika

Ndugu, umeuliza kama ile bia uliyoletewa na shemeji kutoka Uingereza imeharibika. Unasema ni ya msimu wa baridi, asilimia 7, uliitoa kwenye friji ikawa haina ladha yoyote ya maana, halafu ulipofika nusu chupa ikaanza kunuka zabibu na sukari iliyoungua, ukaacha kunywa. Bado una chupa ya pili na umefikiria kuimwaga.

Usimwage. Ile bia ilikuwa inapata joto, na kadiri inavyopata joto ndivyo inavyojitokeza. Ulichokinusa mwishoni ndicho walichokusudia waliopika. Mwanzoni ulikuwa unakunywa baridi tu.

Sisi tumezoea bia ya kukata kiu. Tusker ina asilimia 4.2, ni nyepesi, na ikiwa baridi sana hakuna unachokosa. Hata Tusker Malt, pamoja na kwamba ni kimea kitupu (nafaka iliyochipuzwa kisha ikakaushwa), kimea chake ni cheupe, kimekaushwa kwa joto la chini. Hizi za msimu wa baridi ni kitu kingine. Shayiri inalowekwa, inaachwa ichipue, na ikishachipua wanga wake uko tayari kugeuzwa kuwa sukari. Halafu inakaushwa kwa moto, na hapo ndipo mambo yote yanapoamuliwa. Ukikausha taratibu unapata bia ya manjano. Ukizidisha joto, punje inageuka kahawia na kuanza kunukia kama ganda la mkate. Kuna kimea kingine kinachopashwa moto kikiwa bado kibichi, sukari inaungulia humo humo ndani ya punje, na sehemu yake chachu haiwezi kuila. Kwa hiyo inabaki kwenye bia, na ndiyo utamu ule uliokutia wasiwasi. Hopsi, yale maua ya kutia uchungu, wanaweka za kiasi, uchungu uwepo tu ili bia isiwe sharubati.

Mtu wa magharibi mwa Kenya hapaswi kushangaa ladha hii. Kwetu ni Bungoma, na kukhu, nyanya yangu, alipika busaa, pombe yetu ya kienyeji. Unga wa mahindi ukishachachuka, alikuwa anaukaanga kwenye bati pana juu ya mafiga, akiugeuza kwa koleo, moshi wote machoni, hadi unakuwa mabonge ya kahawia. Yale yaliyoshika chini ya bati, karibu kuungua, watoto tulikuwa tunayadokoa yakiwa bado ya moto. Ndipo aongeze maji na kimea cha wimbi. Nilipoinusa bia ya aina hii kwa mara ya kwanza, pua yangu ilienda moja kwa moja kwenye lile bati. Tofauti ni kwamba busaa ina ukali wa kuchachuka na hii haina, au haifai kuwa nao.

Na hapo ndipo pa kuchunguza kama kweli chupa ina shida. Ikiwa na ukali kama wa maziwa lala, imeingiliwa na vijidudu. Ikinuka karatasi ya boksi iliyolowa, hewa imeilemea. Ikinuka kicheche, imepigwa na mwanga. Ndiyo maana chupa nyingi ni za kahawia, na ndiyo maana usiipange dirishani ipendeze. Zabibu, tende, sukari guru, mkate uliobabuka: hizo zote ni salama. Mdalasini na kungumanga pia, hasa zikitoka Marekani, ambako wengine hutia viungo. Anchor ya San Francisco walitoa bia ya Krismasi kuanzia 1975 na kila mwaka walibadilisha mapishi. Na kama kuna mashapo chini, ni chachu. Mimina polepole uyaache kwenye chupa.

Halafu usiwe na wasiwasi sana na umri wake. Bia nyepesi inazeeka vibaya, lakini nzito, yenye kimea kingi, huvumilia. Ile Samichlaus ya Austria hupikwa siku moja tu kwa mwaka, tarehe 6 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, inalazwa miezi mingi kabla ya kuwekwa kwenye chupa, na inafika asilimia 14. Hiyo watu huihifadhi miaka.

Sasa chupa yako ya pili. Mimi nakaa London, hii ya Nakuru, chini ya Menengai, na ukiniuliza wakati mzuri wa kuifungua nitakwambia Julai. Desemba yetu ni jua na vumbi. Nani anataka kinywaji kizito saa hiyo? Julai jioni, Nakuru au Molo, ukiwa na sweta, hata friji huhitaji. Mhudumu wa baa akiuliza "baridi ama moto?", hii ni ya moto: chupa iliyolala kwenye sakafu ya simiti usiku kucha iko karibu na nyuzi 10 hadi 14 zinazotakiwa. Tumia glasi ya mvinyo au hata kikombe, usijaze, acha nafasi ya harufu. Ishikilie kwenye taa: yangu ya mwisho ilionekana nyeusi mezani, lakini mwanga ulipopita ilikuwa nyekundu ya chai ya strungi, na povu lake la rangi ya krimu halikukaa sana. Nusa kwanza. Kunywa kidogo, iache ulimini, meza, kisha subiri. Ladha ya mkate huja baada ya kumeza.

Chakula? Mbuzi choma, hasa zile kingo zilizoungua. Samaki wa nyanya hapana, zinagombana. Na asilimia 7 kwenye nusu lita ni zaidi ya Tusker moja na nusu, kwa hiyo gari liache nyumbani.

Na yule aliyeuliza kama Kisumu pia inanyweka bila friji: huko "moto" ni moto kweli, usijaribu. Weka kwenye friji, itoe dakika ishirini hivi kabla ya kufungua, na ukiona chupa imetoka jasho lote, fungua.