Maswali ya wasomaji: Farasi wetu mzee anakaza miguu asubuhi

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi natunza farasi wa kupanda huku Kaole, Bagamoyo, ni jike, ana miaka 19, wikendi tunapandisha wageni tunawatembeza ufukweni. Siku hizi asubuhi akitoka bandani anatembea amekaza utadhani ana miguu ya mbao, akishazunguka kama robo saa anakuwa fresh tu. Mwenye farasi anasema tumfunge kamba apumzike jumatatu mpaka ijumaa ili jumamosi awe na nguvu. Kuna jamaa anasema tuagize unga wa dawa ya viungo vya miguu kutoka nje, mwingine anasema nimpe diklofenaki za binadamu maana maumivu ni maumivu. Anakula matete na pumba za mahindi, ndoo asubuhi ndoo jioni. Nampenda sana huyu mnyama, nisaidie.
Mtunza farasi, Kaole

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo uliposema akizunguka anakuwa fresh umeshanipa nusu ya jibu. Kukaza asubuhi alafu kufunguka akitembea mara nyingi ni viungo vilivyochakaa, ile gegedu inayofunika ncha za mifupa imelika, na gegedu haina mishipa ya damu kwa hiyo haijirudishi ikishaharibika. Chakula chake inakipata kwenye ute wa ndani ya kiungo, na ule ute unasukumwa mnyama anapotembea. Sasa mtu ukimfunga kamba siku tano alafu siku ya sita unampandisha watu, unamuumiza kuliko hata huo umri wake. Kaongee na mwenye farasi, kwa adabu, lakini usiache kusema. Huyu atembee kila siku, hata nusu saa ya kuongozwa kwa mkono inatosha, na usiku akae pa kuzungukia, asibanwe kwenye kibanda.

Siku ya kupandwa muanze na mwendo wa kawaida dakika 15 hivi kabla hajaombwa kukimbia, na kupiga shoti kwa kweli mimi ningeachana nako. Uzito nao uangalieni, wengi wanafuata asilimia 20 ya uzito wa farasi, yaani wa kilo 400 asizidishiwe 80 na tandiko likiwa humo humo, ila kwa mwenye viungo vibovu mimi ningeshuka mpaka 60, kwa hiyo watoto na watu wepesi tu, mgeni mnene akinuna mwacheni anune.

Kuhusu ufukwe, hapo Bagamoyo mna bahati, maji yakitoka yanaenda mbali na mchanga unabaki tambarare, mbichi, mgumu kiasi, hapo ndo pa kumpitisha. Mchanga mkavu wa juu unazamisha kwato na kuvuta mishipa, na sehemu yenye mteremko mguu mmoja unabeba zaidi ya mwenzake. Kwa hiyo saa za wageni zifuate maji, na maji kila siku yanachelewa karibu dakika 50, msiandike saa nne kila jumamosi kama basi la abiria. Na ukiwa hapo kwenye mchanga mbichi muongoze hatua chache alafu rudi uangalie nyayo zake. Farasi aliye sawa, alama ya kwato ya nyuma inaangukia juu ya ile ya mbele au inaipita kidogo. Ya farasi wako ikibaki nyuma, na kuna kamstari ncha ya kwato imeburuzwa, basi miguu ya nyuma imekaza. Piga picha kila wiki mbili, utajua anapata nafuu au anashuka, hamna haja ya kubahatisha.

Sasa hapa kwenye chakula ndo nina wasiwasi kweli. Pumba ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, na matete yana oksaleti inayoishika kalsiamu isiingie mwilini. Ng'ombe anavumilia kwa sababu tumbo lake linaivunja oksaleti kabla haijaleta shida, farasi hana tumbo la hivyo, kwa hiyo mwili unaanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, na farasi anachechemea leo mguu huu kesho ule, na mwishoni mifupa ya uso inavimba. Inawezekana kabisa mnalaumu uzee kumbe ni ndoo ya pumba! Punguza pumba polepole kwa wiki mbili hivi, usikate ghafla tumbo likachafuka, changanya majani ya aina nyingine na majani makavu, ukipata alfalfa mpe maana ina kalsiamu, na mwombe daktari wa mifugo akupimie chokaa ya kulisha. Lusina, ile miti ya malisho ya mbuzi, usimpe, inanyonyoa singa na mkia na kuharibu kwato. Na asinenepe, ukipitisha mkono mbavu uziguse kirahisi bila kuziona kwa mbali, kila kilo ya ziada inabebwa na hivyo hivyo viungo.

Kwato zipunguzwe kila wiki 6 mpaka 8. Ncha ikirefuka kifundo kinavutwa kila hatua.

Unga wa viungo, ule wenye glukosamini, ushahidi wake kwa farasi ni dhaifu, hela hiyo mimi ningempa fundi wa kwato kwanza. Diklofenaki za binadamu hapana kabisa mwanangu. Dawa ya maumivu ya farasi ipo, fenilibutazoni, lakini anaiandika daktari kwa uzito wa mnyama, maana ikizidi inatoboa tumbo na kuchosha figo, na haichanganywi na nyingine ya aina yake. Ukishindwa kupata wa karibu anayejua farasi, waulizeni SUA, kile chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, wana hospitali ya wanyama.

Na ukikuta kiungo kimoja kimevimba ghafla na kina moto, au kuna kidonda karibu na kiungo kinatoa ute, huo sio uzee, mwite daktari siku hiyo hiyo. Vile vile akisimama ameegemea nyuma hataki kukanyagia kwato za mbele, usimtembeze, hiyo ni shida ya ndani ya kwato.

SWALI: Mimi nipo Tanga, tuna punda mzee wa mkokoteni ameanza kuchechemea kidogo ila kazi anafanya. Naye ni viungo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Inaweza kuwa, ila kaka angalia kwato kabla ya yote, punda wengi wa mkokoteni kwato zimerefuka mpaka zinapinda au kuna jiwe limejibana chini. Na hilo neno "kidogo" usilitegemee, punda anaficha maumivu sana, akifika kuonesha ujue ameshavumilia muda. Mfungue mkokoteni kuanzia leo, aachwe atembee mwenyewe, na daktari wa mifugo wa kata amuone wiki hii.