Usimguse mtu bega kwa sababu ya shati

We mdogo wangu, ngoja kwanza. Umeandika aya tatu kuuliza kama kunyonga ni haki na dini yasemaje, halafu chini kabisa umetia mstari mmoja tu: kesho unaitwa kwenye gwaride la utambulisho, pale polisi wanapopanga watu ukamguse bega uliyemtambua; aliyekuvamia kwa panga ulimwona "kidogo tu", lakini jirani anaapa ni kijana fulani wa boda. Huo mstari wa chini ndio swali. Mengine yangoje.

Mimi nilikuwa na kibanda cha simu hapa Malindi, Maweni. Mwaka 2012, saa mbili usiku, stima zimepotea, wakaingia wawili, mmoja na panga. Mwanga uliokuwepo ni wa simu yangu, na hiyo ndiyo waliyoipokonya mwanzo! Nilichobaki nacho ni shati la mistari na sauti ya mtu mwenye mafua. Kituoni nikaandikisha kwamba sikuwatambua. Laiti ningeishia hapo.

Siku ya tatu mpelelezi mmoja mcheshi akaninunulia chai na mahamri (mimi kwa mahamri sina msimamo), akanipitisha mbele ya seli. "Yule wa pembeni unamwona? Tumemshika na shati la mistari." Baada ya saa moja wamepangwa watu tisa, sasa mimi nitamjua nani kama si yule wa pembeni? Nikamgusa bega. Lilikuwa limelowa jasho. Akageuka, akaniuliza polepole, "Kaka, mimi?" Hata mafua hakuwa nayo.

Roho ikanidunda, nikamuuliza mpelelezi itakuwaje. Akanicheka: "Kenya hajanyongwa mtu tangu 1987. Na Kibaki 2009 si aliwageuzia kifungo cha maisha watu kama elfu nne? Unaogopa nini?" Yote kweli, ndiyo maana nikayameza mazima. Asichoniambia, mjukuu wa ibilisi yule, ni kwamba kwenye wizi wa mabavu silaha peke yake yatosha, au kuwa wawili, au kumpiga mwenye mali. Na kosa likithibitika, sheria imemwandikia hakimu adhabu moja tu, kifo. Hakufa mtu, nawaambia. Ni simu na shilingi elfu sita. Na yule kijana hakuwa na wakili.

Hukumu iliposomwa mamake hakulia. Aliikunja leso yake ikawa ndogo, akaikunja tena.

Miaka minne akakaa gereza la Shimo la Tewa. Kwenye rufaa jaji akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: mwanga ulitoka wapi? Akaitaja kesi ya Abdalla bin Wendo ya 1953, ya hatari ya kumtegemea shahidi mmoja aliyeona katika hali ngumu. Kumbe watu walishaonywa juu yangu kabla sijazaliwa! Akaachiliwa. Mamake alikuwa ameshazikwa.

Na usinijie na habari za kesi ya Muruatetu. Ndiyo, Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo, lakini kwa mauaji. Mwaka 2021 ikafafanua yenyewe kwamba uamuzi ule haugusi wizi wa mabavu. Kesi yako ni ya panga. Hesabu mwenyewe.

Basi shika hili moja: uso hukuuona, bega usiguse. Wakikuonyesha mtu kabla ya gwaride, au picha kwenye simu, sema umeonyeshwa na usiondoke mpaka wameandika. Ukisimama mbele ya mstari na huna hakika, sema "simwoni", toka nje. Watakununia. Afadhali kununiwa kuliko kununuliwa mahamri.

Uliuliza pia mambo ya kisasi na diya, ile fidia ya damu. Hayo waulize masheikh, mimi bado niko kwenye lile bega.

Halafu huyo jirani yako anayeapa, usiku ule yeye alikuwa wapi?