Kujitangaza mufilisi: mimi niliishia kwa wakili

Mkuu uliyeuliza kama ukijitangaza mufilisi benki itakuachia nyumba ya Uyole: kama hati yake iko benki, haitakuachia. Nakueleza yaliyonikuta.

Nilikuwa napeleka viazi Dar. Msimu mmoja lori lilikwama njiani siku nne, magunia ya lumbesa yakaanza kutoa maji, nikauza kwa bei ya kutupa. Marejesho ya benki nikayaziba kwa mkopo wa kikoba, kikoba nikakiziba kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kali. Hapo ndipo usingizi ulipokata.

Nilienda kwa wakili nikidhani kuna fomu ya kujaza. Akanipa daftari: andika kila unayedaiwa naye, kila unayemdai, na kila ulicho nacho. Nikajaza kurasa mbili, nikarudi kifua mbele. Akachungulia dirishani. "Na hiyo Kirikuu, hiyo gari ndogo ya mizigo uliyokuja nayo?" Nikamwambia nimeshaiandikisha jina la shemeji. Akafunga daftari.

Ombi la ufilisi, kwa Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, linapelekwa Mahakama Kuu. Mbeya ipo, Iringa pia ipo. Unaweza kuomba mwenyewe au akaomba anayekudai. Unataja mali na madeni yote kwa kiapo, mali inatoka mikononi mwako, kisha unahojiwa hadharani na wadai wakiwepo. Mali iliyokimbiziwa kwa shemeji inaweza kurudishwa, na kuificha ni jinai. Ukishakuwa mufilisi, mpaka mahakama ikuachie, huwi mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa yake, na ukikopa kwa kuficha hali yako ni kesi nyingine. Na baada ya yote hayo, benki yenye hati yako haipangi foleni na wadai wengine. Inachukua dhamana yake.

Nikaachana na ufilisi.

Kilichonisaidia ni notisi niliyokuwa nimeitupa kabatini. Kwa mkopo wa rehani ya ardhi, benki inakupa notisi ya siku 60 kabla ya kuuza, na dalali naye lazima atangaze mnada siku 14 kabla. Usizilalie hizo siku. Nilitumia zangu kuuza kiwanja cha Mbalizi mwenyewe, kwa bei ya mtu asiyekimbizwa, nikapeleka fedha benki wakanipangia upya marejesho. Mnadani kingeenda kwa nusu, naamini hivyo.

Kausha damu walitishia kututoa nyumbani. Wakili aliniambia nyumba unayoishi na mke na watoto, kama hukuiweka rehani, sheria ya mwenendo wa madai hairuhusu ikamatwe kwa hukumu ya deni la kawaida. Kwa hao sikuwa nimeiweka rehani. Walipoambiwa hivyo kwa barua, sauti ilishuka.

Kwenye daftari nilikuwa nimemsahau mama wa mchele Mwanjelwa, shilingi 40,000. Nilimlipa wa kwanza. Akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaniuliza leo anipimie kilo ngapi.