Kuhama kutoka kisiwa cha Mombasa kutafuta nafasi na utulivu: chagueni kivuko kabla ya nyumba

Ndugu yangu, nimeona nikujibu kwa urefu kwa sababu hali uliyoieleza sisi tumeiishi. Umesema mko sita katika vyumba viwili hapo Majengo, kisiwani Mombasa, binti yenu amekuwa mkubwa na bado analala chumba kimoja na kaka zake, mama hapati usingizi kwa makelele ya barabarani, kazi yako ni Shimanzi, hapohapo kisiwani, kwa shifti, na watoto wote wanasoma kisiwani. Dalali naye kawaambia mwende Mtwapa, nyumba ni kubwa na kumetulia.

Ushauri wangu ni huu: msiingie nyumba hata moja kabla hamjakubaliana ni wapi mtakuwa mkivuka. Kisiwa hiki njia zake za kutoka zinahesabika. Upande wa Kisauni ni daraja la Nyali, lile lililopo tangu 1980. Upande wa Changamwe ni Makupa. Upande wa Likoni ni feri. Nafasi ipo pande zote tatu. Vyumba vitatu, ua wa kuanikia nguo, mwembe wa watoto kuchezea chini yake, yote hayo mtayapata. Lakini kila nyumba utakayoonyeshwa ina kivuko chake, na hicho ndicho mtakachoishi nacho asubuhi na jioni.

Sisi tulitoka Tudor, kisiwani, tukaenda Kiembeni, ndani ya Bamburi. Mume wangu anafanya kazi Nyali, ng'ambo hiihii ya bara, kwa hiyo yeye haoni daraja siku za kazi. Anayevuka ni mimi. Jioni magari ya kwenda Kisauni, Bamburi na Mtwapa yanaanza kubanana mapema, na mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme, kila mtu anataka afike nyumbani kabla ya magharibi. Nimefuturu kwa tende na maji ndani ya matatu, adhana inasikika upande wa pili wa daraja. Naliweza hilo kwa sababu mmoja wetu yuko karibu na watoto. Nyinyi je? Ukiwa Shimanzi na mkeo yuko kazini, watoto wakitoka shule saa tisa na bado wana chuoni, yaani madrasa, nani anawavusha?

Ndiyo maana Mtwapa siipendekezi kwenu. Ile iko kaunti ya Kilifi, na kutoka huko mpaka Shimanzi unavuka daraja la Mtwapa, unapita Shanzu, Bamburi na Kongowea, halafu ndiyo ufike Nyali. Shifti ikiisha usiku, hesabu nauli ya boda. Na huo utulivu, sijui dalali aliuona saa ngapi. Mtwapa ya kando ya barabara kuu hailali. Ni baa, muziki na magari mpaka alfajiri. Ukiingia ndani kuelekea mashambani kumetulia kweli, ila hapo umeshaongeza boda nyingine juu ya safari.

Kwa kazi yako, mimi ningeanza kutafuta upande wa Makupa. Najua watu wa kisiwani wakisikia Changamwe wanafikiria malori ya bandarini na ndege za uwanja wa Moi, na ni kweli, kando ya barabara kuu na karibu na uwanja hakukaliki kwa mtu anayetafuta usingizi. Lakini Mikindani, ukiacha barabara ukaingia ndani, ni mtaa wa familia, na tangu daraja jipya la Makupa lifunguliwe 2022 kuingia mjini kumekuwa afadhali. Unashuka kazini bila kugusa Nyali kabisa. Likoni nayo kodi ni nafuu na mwenda kwa miguu halipi feri, ila ile kusubiri na ule msukumano, na mama mzee anayekwenda kliniki mjini, mtachoka mapema. Barabara ya Dongo Kundu imewasaidia wenye magari kufika kusini bila feri. Asiye na gari haimfai sana, kwa sababu inamzungusha mpaka Miritini, kule mbele ya Changamwe.

Mkishapata upande, sasa ulizeni maji. Hapa ndipo familia nyingi zinapochomeka, na dalali hatakwambia. Maji ya mfereji tunayotumia yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, kiasi cha kilomita 220, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na vyanzo vya Marere na Tiwi kule Kwale. Yote kwa pamoja hayatoshi mji, kwa hiyo ni mgao. Upande wetu tunategemea ya Baricho, yanayoingia kwenye matangi ya Nguu Tatu kisha yanateremshwa mitaani. Nyumba iliyo mwisho wa bomba au juu mlimani hupata kilichobaki. Wenye nyumba wengi huchimba kisima, na maji ya kisima huku kwetu mara nyingi ni ya chumvi: yanafua, yanadeki, yanaogewa kwa shida, lakini chai hayapiki. Maji matamu unanunua kwa mtungi wa lita 20, na watu sita wanamaliza mitungi.

Kwa hiyo mkienda kuangalia nyumba, fungua bomba la jikoni, si la uani, uonje. Chukua sabuni usugue mikono: ikikataa kutoa povu, hayo ni ya chumvi. Tazama mdomo wa bomba na kichwa cha shawa, kama pameganda ukoko mweupe, maji hayo yamekuwa yakipita hapo miaka. Uliza tangi ni la lita ngapi, linagawanywa na nyumba ngapi, na stima ya pampu inalipwa kwa mita ya nani. Kisha toka nje, mtafute kijana wa mkokoteni wa maji mtaa ule, umuulize nyumba ile huwa ananunua mitungi mingapi kwa wiki. Mimi ndivyo nilivyofanya. Kuna nyumba moja Utange tuliipenda sote, sebule pana, varanda mbele na nyuma, dalali anatuambia maji ni siku zote. Kijana wa mkokoteni akaniambia, "Mama, ile nyumba ndiyo inayonisomeshea watoto." Tukaiacha siku ileile.

Makelele hayapimwi mchana. Rudini usiku wa Ijumaa au Jumamosi, msimame nje kama nusu saa. Angalieni kama kuna baa, ukumbi wa harusi, kanisa la makesha, karakana ya kuchomelea vyuma, au maskani ya vijana wanaotafuna muguka, yale majani ya kulevya, kwenye kona. Hiyo maskani iulizie na usalama pia. Mnajua kuna mitaa ya Kisauni na Likoni iliyowahi kusumbuliwa na vijana wa mapanga, na si mitaa yote, kwa hiyo muulizeni mwenye duka anafunga saa ngapi na kwa nini. Akifunga saa moja na nusu, fikirini mara mbili. Hapa kwetu kinachotuamsha ni kunguru tu.

Na upepo, kwa ajili ya mama. Kuanzia Januari mpaka Machi joto la kaskazi halina huruma, na nyumba yenye paa la zege bila dari inahifadhi jua la mchana kutwa na kulimwaga kitandani usiku. Chumba cha mama kisielekee magharibi, na kiwe na madirisha pande mbili upepo upite. Mkiona ukuta una mstari wa rangi iliyobadilika karibu na sakafu, ulizeni majirani mvua za mwezi wa tano zilifika wapi.

La mama lina upande mwingine, na hili niliseme kwa sababu nimelipitia na mamangu. Majengo anajua kila mlango. Mchana anakaa barazani, anapitiwa, anajuliwa hali, sahani za futari zinakwenda na kurudi. Huku nje ya kisiwa kila nyumba ina ukuta na geti. Mamangu mwanzoni alinyamaza mpaka tukaogopa. Kilichomsaidia ni msikiti ulio karibu wenye darasa la wanawake, na sisi kumpeleka mjini kwa dada yake kila mwisho wa wiki bila kukosa. Kwa hiyo mwende naye mama kuangalia, aketi, aone majirani, aseme mwenyewe. Usimletee nyumba iliyokwisha lipiwa.

Dipoziti ni mwezi mmoja au miwili, kutegemea mwenye nyumba. Msimpe dalali hata shilingi ya kushikilia nyumba kabla hamjamwona mwenyewe na kuandikiana. Pigeni picha kila ukuta, bomba na kitasa siku ya kupokea funguo.

Hameni Desemba shule zikiwa zimefungwa, ili kama kuna mtoto wa kubadilisha shule aanze Januari na wenzake. Andika hapa mkeo anafanyia kazi wapi, nitakwambia mitaa ninayoijua upande huo.