Funika chupa kabla ya kulinganisha mvinyo mwekundu

Kwa muda wa miaka minne sasa, marafiki sita tumekuwa tukikutana nyumbani kwangu Dar es Salaam, takriban kila baada ya miezi miwili, kuonja aina kadhaa za mvinyo mwekundu na kuzilinganisha. Jioni ya kwanza kila mmoja alikuja na chupa aliyoipenda, tukazipanga mezani zikionyesha lebo zake, tukaonja huku tukizungumza, na kabla ya saa tatu usiku tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwamba mvinyo bora ni ule wa Bordeaux, Ufaransa, ambao kila mtu alijua bei yake. Ninawaandikia wanaotaka kuanza shughuli kama hii, kwa kuwa imenichukua muda mrefu kutambua kwamba haki ya ulinganisho hutegemea maandalizi yanayofanyika kabla ya kizibo cha kwanza kutolewa.

Nianze na joto, kwa sababu ndilo linaloharibu mvinyo mwekundu katika nyumba nyingi za pwani. Tumezoea kuambiwa kwamba mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumba, lakini kauli hiyo ilizaliwa Ulaya, katika nyumba zenye ubaridi, na maana yake ni nyuzi 16 hadi 18 hivi za Selsiasi. Sebule yangu mwezi Februari haifiki huko hata alfajiri. Jioni moja ya mwezi huo tulifungua Cabernet Sauvignon (jina la aina ya zabibu) ya Chile iliyokuwa imeshinda juu ya kabati, tukaiona kali kama spiriti, ikapewa alama za mwisho. Wiki mbili baadaye nilifungua chupa ya pili ya mvinyo uleule, niliyokuwa nimeitia kwenye jokofu, nikasikia harufu ya zambarau na ya pilipili hoho mbichi, ambazo siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyezitaja. Mvinyo ukipata joto sana, kileo huvukiza kwa nguvu na kuzifunika harufu nyingine; tulikuwa tumehukumu joto la sebule yangu. Tangu siku hiyo chupa zote huingia kwenye jokofu pamoja na kutoka pamoja, baada ya saa moja na nusu hivi. Umeme ukikatika, ndoo yenye barafu hufanya kazi hiyo kwa robo saa, mradi barafu ichanganywe na maji, kwa kuwa barafu tupu huigusa chupa sehemu chache tu.

Baada ya joto, lebo. Tunatumia mifuko ya kaki ya dukani, mmoja kwa kila chupa, tunaifunga shingoni kwa mpira na kuiandika namba kwa kalamu ya wino mzito, na karatasi ya rangi inayofunika kizibo huondolewa yote, maana mtu aliyeiona dukani huitambua mara moja. Aliye na bahati zaidi kati yetu ni mimi, kwa kuwa nina rafiki ambaye hanywi kileo kabisa na ambaye amekubali kuwa msimamizi wetu: yeye peke yake ndiye huifunga mifuko, huipanga, humimina, na kuziweka namba zake kwenye daftari hadi mwisho. Iwapo kwenu yupo mtu wa namna hiyo, msimwache pembeni na soda yake, kwani bila yeye mmoja wenu atakuwa anajua siri, na uso wake utaitoa.

Huenda mtu akadhani kwamba kuficha lebo ni kwa ajili ya wanaoanza tu. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, Mwingereza Steven Spurrier, aliyekuwa na duka la mvinyo mjini humo, aliwakalisha majaji tisa wa Kifaransa, watu waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo, wakaonja bila kuona lebo mvinyo wa kwao pamoja na wa California. Mvinyo mwekundu uliopata alama za juu ulikuwa wa Stag's Leap Wine Cellars wa mwaka 1973, kutoka Napa, California, mbele ya majina makubwa ya Bordeaux. Kama hilo liliwapata wao, sisi tusijiamini kupita kiasi.

Hata hivyo, somo kubwa nililipata kwa jaribio ambalo msimamizi wetu alilifanya bila kutuambia. Jioni hiyo kulikuwa na mifuko mitano mezani, nasi tukaamini kuwa ni mvinyo wa aina tano: Pinotage ya Stellenbosch, Afrika Kusini, Malbec ya Mendoza, Argentina, Merlot, mvinyo wa Dodoma, na mmoja ambao hatukuambiwa. Mfuko wa pili ulisifiwa na watu wanne; mmoja wetu, mwalimu wa kemia, aliandika kwamba una harufu ya zambarau zilizoiva na kwamba unateleza vizuri kooni. Mfuko wa tano ulipata alama za chini, na mwalimu huyohuyo aliandika kwamba ni mchungu na mkavu kupita kiasi. Mifuko ilipofunguliwa, wa pili na wa tano ilikuwa Malbec ileile, ya mwaka uleule, kutoka katoni moja. Tulikaa kimya kwa muda. Kisha tukarudi nyuma hatua kwa hatua, tukagundua kwamba mfuko wa nne ulikuwa mvinyo wa Dodoma wa aina tamu, na ulimi uliotoka kwenye sukari huuona mvinyo usio na sukari kuwa mchungu, kama vile chai ya maziwa ya kawaida inavyopoteza utamu baada ya kula kashata.

Kwa hiyo mpangilio una uzito wake. Mvinyo mwepesi utangulie mzito, na mvinyo wenye sukari ukae mwisho au uachwe kwa siku nyingine. Baada ya kuonja yote, mrudi hadi wa kwanza, safari hii mkianzia mwisho, isipokuwa ule wenye sukari, ambao hubaki wa mwisho, na alama za mzunguko wa pili ndizo zihesabiwe. Ningeshauri pia, kwa msisitizo, mfuko mmoja urudiwe kila mnapokutana, kwa kuwa hakuna kinachowafunza waonjaji unyenyekevu na umakini kwa haraka kama hicho.

Kuhusu kiasi, chupa ina mililita 750, nasi hupimia kikombe kidogo cha kahawa, kile cha wauza kahawa wa mitaani, ambacho kinakaribia mililita 50. Mtu akimeza vikombe vitano amekunywa robo lita, yaani theluthi ya chupa, na kufikia hapo kauli zake huanza kulegea. Kutema mbele ya wenzako ni jambo linalopingana na malezi yetu, na lilitusumbua mwanzoni. Tulilimaliza kwa kumpa kila mtu kikombe chake cha udongo chenye mdomo mwembamba. Na hakuna anayeendesha gari kurudi kwao.

Sasa nije kwenye maneno, mahali ambapo wengi hukata tamaa bila sababu. Miongozo ya mvinyo imejaa matunda ambayo wengi wetu hatujawahi kuyashika mkononi, na mtu anayejaribu kuyanukia kwenye glasi huona kwamba pua yake ina kasoro. Tumieni ya kwenu. Ule ukavu unaokaza ufizi na mashavu huletwa na tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na Kiswahili kina neno lake tangu zamani, nalo ni ukakasi. Kila aliyewahi kula bibo au ndizi mbichi anaujua. Malbec kwetu ni zambarau, Syrah ni pilipili manga, na Pinotage, zabibu iliyozalishwa na Abraham Perold huko Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut, mara nyingi hutukumbusha moshi wa kuni na ndizi iliyoiva sana. Mwenzetu aliyekulia Pemba alipoandika kwamba anasikia karafuu katika mvinyo uliokaa kwenye mapipa ya mwaloni, wengine walitabasamu, lakini mwalimu wa kemia alimtetea kwa haki: eujenoli, ambayo ndiyo huipa karafuu harufu yake, imo pia katika mbao za mwaloni.

Andikeni kabla ya kusema. Mtu wa kwanza akishatamka kwamba anasikia ngozi, meza nzima itasikia ngozi. Na glasi ikinuka gazeti lililolowa, msihangaike kutafuta maneno mazuri. Kizibo kimeuharibu mvinyo huo, uondoeni kwenye mashindano.

Chakula kije baada ya alama kukusanywa. Mishkaki yenye chumvi na mafuta hupunguza ukakasi, na mvinyo ulioonekana mgumu peke yake hulainika; pilipili kali, kinyume chake, huuchochea ukali wa kileo. Mvinyo mkavu wa Dodoma, yaani usio na sukari, wa zabibu za Makutupora, uliwahi kushika nafasi ya nne kati ya tano kwetu, kisha nyama ilipofika ndiyo chupa iliyokwisha mapema kuliko zote. Niliyaandika yote mawili kwenye daftari.

Kinachobaki kizibwe vizuri, kirudi kwenye jokofu, kionjwe tena jioni inayofuata mifuko ikiwa bado imefungwa. Mvinyo mchanga wenye ukakasi mwingi mara nyingi huwa umetulia, ilhali ule uliowavutia wote usiku wa kwanza huenda ukawa umekwisha harufu, na hapo ndipo msimamizi wetu hukubali kutoa daftari lenye majina.