Mnaoanza kusoma muungano wa makoloni ya Australia, anzeni na ushuru

Wadogo zangu mlioingia mwaka huu mkapangiwa mada ya jinsi makoloni ya Australia yalivyoungana, nataka niwaambie mapema kitu ambacho mimi nilichelewa kukijua. Asaimenti yangu ya kwanza nilijaza tarehe ya muungano kuanza, 1 Januari 1901 juu, 1 Januari 1901 chini, katikati nikamwaga uzalendo na upendo wa nchi, ikarudi na alama ndogo na mwalimu kaandika pembeni swali moja tu, nani alikuwa anakusanya ushuru? Lilinisumbua karibu mwezi mzima lile swali, na nilipolielewa ndo nikaanza kuipenda hii mada mpaka leo.

Iko hivi. Kabla ya 1901 palikuwa na makoloni sita ya Muingereza, New South Wales, Victoria, Queensland, South Australia, Western Australia na Tasmania, kila moja na bunge lake, waziri mkuu wake na forodha yake. Kwenye mto Murray, mpaka wa New South Wales na Victoria, walikaa maofisa wa forodha, ukivusha mzigo unakaguliwa kama vile unaingia nchi ya watu. Victoria wanalinda viwanda vyao kwa ushuru mkubwa, New South Wales wanataka biashara huria, na serikali zenyewe kwa sehemu kubwa zinaishi kwa hela za forodha, sasa hapo nani akubali kuachia? Halafu kuna reli. Ukitoka Sydney kwenda Melbourne ukifika Albury unashuka na mizigo yako unapanda treni nyingine maana upana wa reli haufanani. Aliyewahi kuona mzigo unavyohamishwa pale Kidatu kati ya reli ya TAZARA na reli ya kati atanielewa haraka. Na msidhani muungano ulimaliza hilo, njia ya upana mmoja Sydney mpaka Melbourne imekuja kupatikana 1962!

Kingine kinachotuponza sisi ni mazoea. Muungano wetu wa Tanganyika na Zanzibar hati ilisainiwa 22 Aprili 1964 na tarehe 26 nchi ikawa moja, kwa hiyo tunasoma ya wenzetu tukitegemea mwendo uleule. Wao walisota zaidi ya miaka kumi. Henry Parkes, waziri mkuu wa New South Wales, alitoa hotuba ya kutaka muungano kwenye mji wa Tenterfield 1889, mwaka 1891 wajumbe wa makoloni wakakutana Sydney wakatoka na rasimu ya katiba ambayo Samuel Griffith, waziri mkuu wa Queensland, aliifanyia kazi kubwa mno, rasimu nzuri tu, ikarudishwa kwenye mabunge ya makoloni na huko ikalala.

Sasa hapa msipite mbio. 1893, mwaka ambao mabenki mengi yalifunga milango na watu wako kwenye hali mbaya, kukawa na mkutano Corowa, mji mdogo tu uko hapohapo kwenye mto Murray, na wakili mmoja John Quick akatoa wazo kwamba wananchi wachague wajumbe, wajumbe waandike katiba, kisha wananchi haohao waipigie kura. Kwangu mimi hiki ndo kiini cha mada nzima, maana kilichokwama kwa wakubwa kilipata njia ya kupitia. Bunge la katiba likakaa 1897 na 1898, Adelaide, Sydney, Melbourne, na Queensland hawakutokea kabisa.

Kura ya 1898, ya wananchi kuikubali au kuikataa katiba hiyo, isomeni kwa makini. New South Wales waliosema ndiyo walikuwa wengi kuliko waliokataa, ila sheria yao ilitaka ndiyo zifike 80,000 na zilipatikana 71,595, ikawa imeanguka. Mawaziri wakuu wakakutana mwanzoni mwa 1899 wakawakubalia New South Wales kwamba mji mkuu utakuwa kwenye ardhi yao lakini si chini ya maili 100 kutoka Sydney, Canberra ilitokana na makubaliano hayo, na mwaka uleule kura ikapita. Western Australia ndo walikuja mwisho, kura yao ilipigwa 31 Julai 1900 wakati bunge la London limeshapitisha sheria ya muungano, na wakaachiwa ushuru wao wenyewe upungue taratibu kwa miaka mitano. Mnaona? Ushuru tena.

Kwa hiyo kabla hujagusa noti za mtu soma katiba yenyewe. Angalia Tasmania kadogo vile kanapata viti vya Seneti, yaani bunge la juu, sawa na New South Wales, angalia kifungu cha 92 kinachoachia biashara huru kati ya majimbo, yaani yale makoloni ya zamani, halafu nenda kifungu cha 127 usome polepole. Kilisema wenyeji wa asili wasihesabiwe kwenye idadi ya watu wa nchi, na kilikaa humo mpaka kura ya maoni ya 1967. Ndo maana ukiandika "wananchi walipiga kura" bila kusema wananchi gani mimi nakukatalia, kwa sababu South Australia wanawake walipiga, Victoria hawakupiga, na huko Queensland na Western Australia sheria ziliwazuia wengi wa wale waliokuwepo kwenye ardhi ile kabla ya meli yoyote kufika.