Jamii, ushirika au mseto wa vijidudu?

SWALI: Ninatafsiri makala kuhusu bakteria na hamira waliobadilishwa vinasaba ili waishi katika chombo kimoja na kutengeneza dawa. Mkusanyiko huo niuite jamii, ushirika au kiwanda cha vijidudu?

JIBU: Jamii liweke kando, kwa sababu Kiswahili hulitumia pia kwa maana ya aina: mdudu wa jamii ya nzi si lazima aishi na nzi, na msomaji wa "jamii ya bakteria" atadhani unazungumzia spishi. Ushirika nao unakuja na wanachama na makubaliano, hata mwandishi akajikuta anasema bakteria fulani "wanategea kazi", ilhali kiumbe kisicho na nia hakitegei. Kimeacha tu kuzalisha kimeng'enya (protini ya kuvunjavunja sukari) kinachokigharimu nguvu, huku kikila sukari iliyovunjwavunjwa na wenzake.

Kiwanda ndicho cha kuangaliwa zaidi, maana sitiari hii haiishii kwenye karatasi, bali humwelekeza mhandisi agawe kazi kwa hatua na kusahau kwamba wafanyakazi wake wanakula. Katika utafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, uliochapishwa mwaka 2015, bakteria E. coli alitengeneza molekuli iitwayo taksadieni, nayo hamira ikaiongezea oksijeni, ili kupata vitangulizi vya dawa ya saratani, paklitakseli. Kwa lugha ya kiwanda, mpango umekamilika. Lakini vijidudu hivyo vilipolishwa sukari ya glukosi, hamira ilitoa pombe, na pombe hiyo ikamdumaza bakteria. Mambo yalitengemaa walipopewa sukari nyingine badala ya glukosi, yaani zailosi, ambayo hamira ile haikuweza kuila: bakteria aliila yeye, akatoa asetati, ambayo asili yake ni asidi ileile ya siki, na hamira ikaishi kwa hiyo asetati, ikawa inamwondolea mwenzake taka inayomdhuru.

Huo si utaratibu wa kiwandani; unakaribia zaidi shamba la mahindi na maharage. Kwa hiyo mimi ningechagua mseto, neno ambalo tayari tunalo katika kilimo mseto, na pia katika serikali ya mseto, ambamo vyama hukaa pamoja bila kupendana (na vijidudu vyetu pia havipendani). Andika "mseto wa bakteria na hamira" mara ya kwanza, kisha "mseto" peke yake. Hata hivyo, pale mwandishi wa makala anapozungumzia mgawanyo wa kazi, usimsahihishe, kwa kuwa hapo sitiari ya kiwanda ndiyo ramani aliyoichora.